Namna ya Kuanzisha na Kuendesha Chama cha Kufa na Kuzikana Mjini

Familia nyingi za Dar es Salaam zinaishi mbali na makaburi ya wazee wao. Mtu wa Bukoba akifariki mjini na ndugu zake wakaamua azikwe kwao, mwili utasafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, na wa Mbeya zaidi ya 800. Na kabla gari halijawashwa, tayari kuna jeneza la kununua, gharama za hospitali za kulipa, watu wa kulisha na turubai la kukodi. Gharama hizo zote hudaiwa ndani ya siku mbili au tatu, nazo humkuta mfiwa katika hali ambayo hawezi hata kuhesabu. Ndiyo maana karibu kila mtaa una chama cha kufa na kuzikana, ambacho huwa ni cha ukoo, cha majirani, cha watu waliotoka wilaya moja au cha wafanyakazi wa ofisi moja. Vyama vingi kati ya hivyo huanza kwa moyo safi na kuvunjika kwenye msiba wa tatu au wa nne. Kwa maoni yangu, sababu kubwa si wizi, ingawa upo: ni kwamba watu walianza kuchanga kabla ya kuandika ni nani anayezikwa na chama na kwa kiasi gani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jambo hilo.

Kusaidiana kwa namna hii ni jambo la zamani. Wageni waliohamia mijini wakati wa ukoloni walitegemea utani, kwa kuwa mtani alikuwa na wajibu wa kuhangaika na msiba wa mwenzake hata kama hapakuwa na ndugu wa damu karibu, na hata leo mtani ndiye anayeruhusiwa kutania kwenye matanga bila mtu kukasirika. Baadaye vikaja vyama vya watu wa kwao mamoja, vikiwa na viongozi na ada, pamoja na vikundi vya ngoma vya akina mama ambavyo vilishughulikia harusi na misiba sawasawa na uimbaji. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, alipitia vikundi hivyo kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, naye aliwapata wengi haraka kwa sababu walikuwa wamekwisha kujipanga.

Mtakuwa akina nani

Amueni kwanza ni kitu gani kinachowaunganisha, kwa kuwa kila aina ya chama ina nguvu zake na udhaifu wake. Chama cha mtaa ni chepesi kuliko vyote: jirani anafika saa nane za usiku, anajua nyumba ilipo, na viti na masufuria hayahitaji gari la kukodi, lakini wapangaji huhama, na anayehama mara nyingi huacha kulipa. Chama cha ukoo hudumu miaka mingi kwa sababu hakuna anayehama ukoo, ila hubeba pia ugomvi wote wa ukoo, kuanzia shamba la babu hadi mahari ambayo haikumalizwa. Chama cha watu wa wilaya au kata moja ndicho kinachofaa zaidi kwa kusafirisha maiti, kwa kuwa msiba mmoja ukienda nyumbani wanachama kadhaa wanaweza kusindikiza na kijijini kuna watu wa kuwapokea. Hakuna ubaya mtu kuwa katika viwili, mradi ajue kwamba atakuwa analipa mara mbili.

Anzeni na watu kati ya 20 na 50. Wakipungua chini ya hapo mzigo huwa mzito kwa kila mmoja, na wakizidi sana huwa hawajuani kwa sura, na asiyekujua kwa sura haoni aibu kutofika msibani kwako. Mkikaa kikao cha kwanza, msichange hata shilingi moja. Kikao hicho kiwe cha kuchagua kamati ndogo ya watu watano au saba, angalau wawili wao wakiwa wanawake, ambao wataandika rasimu ya katiba na kuirudisha kwa wote baada ya wiki tatu au nne. Nasisitiza wanawake kwa sababu wao ndio wanaopika, wanaokaa na mfiwa na wanaojua kilichopungua, ilhali rasimu nyingi zilizoandikwa na wanaume peke yao huzungumzia jeneza na usafiri na kusahau chakula cha siku nne.

Nani anahesabika

Katika familia zetu baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na mtoto wa shangazi anaweza kuwa amelelewa ndani ya nyumba tangu akiwa na miaka miwili. Katiba inayosema tu kwamba chama kitamsaidia mwanachama akifiwa na “mzazi” itafungua mlango wa mabishano ambayo hayana mwisho, kwa kuwa mwanachama mmoja anaweza kuja na misiba ya baba wanne na kila mara akawa mkweli kabisa. Kwa upande mwingine, katiba inayotambua mzazi aliyezaa peke yake itamdhulumu aliyelelewa na bibi yake.

Njia ninayoipendekeza ni ya nafasi. Kila mwanachama hupewa idadi sawa ya nafasi, tuseme nane, kisha anajaza mwenyewe majina ya watu ambao chama kitawajibika kwao. Aliyeoa atajaza mwenzi wake, watoto, wazazi na wakwe. Ambaye hajaoa atajaza wazazi na ndugu zake wa tumbo moja. Aliyelelewa na bibi atamwandika bibi. Mwenye wake wawili atapanga mwenyewe ni mkwe gani aingie na yupi abaki nje. Kwa njia hii hakuna anayebeba mzigo wa mwenye familia kubwa, na kikao hakilazimiki kuamua mbele ya mfiwa kama marehemu alikuwa ndugu wa kweli. Fomu iwe na majina kamili, uhusiano na mwaka wa kuzaliwa kwa kila mtu, isainiwe na mwanachama, na nakala ikae kwa katibu.

Hata hivyo nafasi hazimalizi kila swali. Ndugu wawili waliozaliwa pamoja wakiwa wanachama na mama yao akafariki, je, wote wawili watapewa fao, au msiba ni mmoja na fao ni moja? Mimi naona wote wapewe, kwa sababu wote walilipa ada na wote walimwandika, lakini jambo la maana ni kwamba jibu liwe limeandikwa kabla. Mtoto anayefariki wakati wa kuzaliwa hawezi kuwa kwenye fomu, na mama yake hapaswi kuambiwa kwamba hakuandikwa. Wekeni fao dogo maalumu kwa msiba wa namna hiyo. Watu wanaoishi pamoja bila ndoa rasmi wako wengi mjini kuliko katiba zinavyokubali, hivyo iwe ruhusa kumwandika mwenza bila kudai cheti. Na mwanachama akifariki mwenyewe, semeni wazi kwamba mjane au mgane ana haki ya kuendelea na uanachama ule ule bila kulipa kiingilio upya. Pasipo kifungu hicho, mjane hupoteza mume na chama katika wiki moja, tena mara nyingi kwa shinikizo la shemeji.

Hesabu kabla ya huruma

Watu hupenda kutangaza mafao makubwa siku ya kwanza. Chukueni kalamu kwanza. Tuseme mna wanachama 40 wanaolipa shilingi 10,000 kila mwezi. Hiyo ni shilingi 400,000 kwa mwezi na 4,800,000 kwa mwaka, iwapo kila mtu atalipa, jambo ambalo halitatokea. Kila mwanachama akijaza nafasi nane, chama kinawajibika kwa watu 360 pamoja na wanachama wenyewe. Mkiahidi shilingi 1,000,000 mwanachama akifariki, 600,000 kwa mwenzi au mtoto, na 400,000 kwa mzazi au mkwe, basi mwaka wenye msiba wa mwanachama mmoja, misiba miwili ya wenzi au watoto na sita ya wazazi utawagharimu shilingi 4,600,000. Zinabaki 200,000, na bado hamjanunua hata daftari. Misiba sita ya wazazi si mingi kwa kundi ambalo wanachama wake wana umri wa miaka 40 au 50, kwa kuwa wazazi wao wamefikia umri wa kuondoka. Kwa hiyo anzeni na mafao ya chini, mkae nayo mwaka mzima, kisha mpandishe kwa uamuzi wa mkutano mkuu. Kupandisha fao ni furaha. Kulishusha ni ugomvi.

Wapo wanaopendelea kutokuwa na ada kabisa, bali kila msiba ukitokea kila mmoja achange kiwango kilichopangwa. Utaratibu huo una faida ya kutoacha fedha nyingi mikononi mwa mtu, lakini una kasoro mbili: fedha huchelewa, na msiba unaoangukia tarehe 20 hukuta mifuko mitupu wakati ule wa tarehe mosi ukipata kila kitu. Mchanganyiko ndio unaofanya kazi vizuri: ada ya kila mwezi inalipa fao la msingi, halafu mchango mdogo wa papo kwa papo unaongezwa mwanachama mwenyewe anapofariki.

Wekeni kipindi cha kungoja, miezi mitatu kwa mfano, kabla ya mwanachama mpya kustahili fao, kwa sababu wapo wanaojiunga mgonjwa akiwa kitandani. Wekeni pia kikomo cha deni. Mwanachama aliyechelewa mwezi mmoja si sawa na aliyechelewa miezi sita. Wa kwanza akatwe anachodaiwa kwenye fao lake, wa pili apoteze haki ya fao lakini wenzake bado wafike msibani kwake. Tofauti hiyo ya fedha na kuhudhuria iandikwe, kwa kuwa chama kinachoadhibu kwa kususia maziko hakistahili jina lake.

Fedha zipatikane usiku ule ule

Mwislamu akifariki alfajiri, mara nyingi huzikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri au alasiri. Mkristo anaweza kusubiriwa siku kadhaa hadi watoto wafike kutoka mikoani. Chama chenye wanachama wa dini zote mbili, na vya mtaani karibu vyote viko hivyo, lazima kiweze kutoa fedha ndani ya saa chache, hata Jumapili, hata benki ikiwa imefungwa. Sehemu kubwa ya fedha ikae kwenye akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini watatu, ambapo wawili kati yao wanatosha kutoa fedha, na watatu hao wasitoke nyumba moja wala wasiwe mtu na mwenzi wake. Sehemu ndogo, inayotosha kuanzia msiba mmoja, ikae mahali panapofikika kwa simu. Zipo huduma za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi, kama M-Koba iliyoanzishwa mwaka 2019, ambamo wanachama huona michango na utoaji wa fedha huhitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kuweka fedha za kikundi kwenye laini binafsi ya mweka hazina, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani, ni kumtafutia balaa, kwani naye anaweza kufariki, na fedha zile zikahesabiwa kuwa zake.

Kufungua akaunti ya kikundi kwa kawaida hutaka katiba, muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi, na barua ya utambulisho. Barua hiyo mtaipata katika ofisi ya serikali ya mtaa, na hapo ndipo suala la usajili linapoanza.

Usajili

Kikundi kidogo cha majirani huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye atawaeleza utaratibu wa halmashauri. Chama kikubwa zaidi, hasa cha watu wa wilaya moja chenye wanachama mikoa mbalimbali, husajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya aliye katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mkitaka kumiliki kiwanja au ukumbi kwa jina la chama, mtahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, vinginevyo kiwanja kitaandikwa jina la mtu na siku moja watoto wake watakidai. Na kama mnakusudia kukopeshana fedha kwa riba, fahamuni kwamba mmeingia katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo inavihesabu vikundi vya kijamii kuwa daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Ushauri wangu ni kutochanganya: VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, iwe VICOBA, na fedha za maziko zisikopeshwe, maana mkopo haurudi kwa ratiba ya vifo. Msomaji aliye Kenya atafuata Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, inayohitaji watu wasiopungua kumi.

Siku ya msiba

Gaweni kazi mapema, kwa majina. Mtu mmoja awe wa nyaraka: kifo kikitokea hospitali, yeye ndiye anayefuatilia tangazo la kifo na kibali cha mazishi, kikitokea nyumbani, yeye ndiye anayekwenda ofisi ya mtendaji. Huyo huyo aikumbushe familia kusajili kifo RITA ndani ya siku 30, kwa sababu cheti cha kifo kitahitajika kwenye mirathi, benki na mafao ya kazini, na anayechelewa huhangaika zaidi. Mtu wa pili ashughulikie kaburi au usafiri. Wa tatu awe na vyombo. Wa nne akae na daftari la rambirambi pamoja na ndugu mmoja wa marehemu, kila jina na kila kiasi vikiandikwa hapo hapo.

Fao la chama akabidhiwe nani? Si kaka mkubwa wa marehemu kwa sababu tu ndiye anayezungumza kwa sauti. Akabidhiwe mwanachama aliyefiwa, na ikiwa mwanachama ndiye marehemu, akabidhiwe mtu ambaye marehemu alimwandika kwenye fomu yake, mbele ya mashahidi wawili, kwa saini. Baada ya hapo chama kisijiingize katika mirathi. Msimamizi wa mirathi hupendekezwa na kikao cha familia na kuthibitishwa na mahakama. Kiongozi wa chama anayetoa maoni kuhusu nyumba ya marehemu atakuwa amekigawa chama pande mbili.

Fedha za mwanzo mkizipata, nunueni turubai, viti vya plastiki, masufuria makubwa na majamvi kabla ya sare. Najua sare zinapendeza, na picha za kitenge kimoja zina raha yake, lakini turubai moja hupunguza gharama ya kila msiba na likikodishwa kwa wasio wanachama huleta fedha. Awepo mtunza vyombo mwenye orodha, na kila sufuria liandikwe jina la chama kwa rangi.

Mambo mengine ya kusaidiana

Chama kinachokutana msibani tu huchosha. Mwanachama aliyelazwa atembelewe na watu wawili waliopangwa kwa zamu, wakiwa na kiasi kidogo kilichowekwa na katiba. Aliyejifungua apelekewe unga wa uji, kuni au gesi na mikono ya kufua. Familia yenye mtoto mwenye ulemavu au mzee asiyeweza kuamka inahitaji zaidi mtu wa kukaa naye Jumamosi mchana ili mlezi atoke kidogo, na hilo halina gharama. Taarifa za ugonjwa wa mtu zisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa yake. Inatosha kusema kwamba amelazwa na saa za kuona wagonjwa ni zipi.

Kwa vyama vya watu wa kwao mamoja, mkutano wa mwaka ni nafasi ya watoto waliozaliwa mjini kusikia lugha ya nyumbani ikizungumzwa na watu wengi kwa pamoja, kula chakula cha kwao na kuona ngoma yao ikichezwa na wanaoijua. Wapeni vijana kazi ya kweli siku hiyo, kama kurekodi historia za wazee au kuandaa mti wa ukoo, badala ya kuwaweka wagawe soda.

Harusi zikae mbali na mfuko huu. Misiba ina kiwango kinachofahamika, ilhali harusi haina, na mwenye kamati ya milioni 20 ataona laki nne za chama ni dharau. Wanaotaka kuchangiana harusi waunde kamati yao, na atakayeshindwa kuchanga asikumbushwe hilo siku atakapofiwa.

Daftari

Mweka hazina asome mapato na matumizi kwa sauti katika kila kikao, kwa majina ya waliolipa na wasiolipa, na taarifa ya benki ipitishwe mikononi mwa watu. Mara moja kwa mwaka wachaguliwe wanachama wawili wasio viongozi wakague vitabu, risiti moja baada ya nyingine, na ripoti yao isomwe kabla ya uchaguzi, si baada yake. Viongozi wakae miaka miwili au mitatu, na katibu na mweka hazina wasibadilishwe mwaka mmoja, ili awepo anayejua faili ziko wapi.

Kila Januari fomu zote zijazwe upya. Watoto wamezaliwa, ndoa zimefungwa na nyingine zimevunjika, namba za simu zimebadilika, na mtu aliyeandikwa kupokea fao huenda naye amekwisha kutangulia. Asiyerudisha fomu hadi mwisho wa Februari, chama kitafuata ile ya mwaka uliopita, na aelezwe hivyo kwa maandishi.